"Mali ikiuzwa hairudishwi"? Inategemea unairudisha kwa nini

Jirani yangu wa Kisauni aliagiza blenda kutoka Nairobi. Aliiona kwenye WhatsApp, akatuma shilingi 4,500 kwenye Till, yaani namba ya malipo ya M-Pesa ya muuzaji, na mzigo ukaja na basi la usiku. Siku ya tatu, akisaga nazi, mota ilitoa harufu ya kuungua ikazima moja kwa moja. Alipomwandikia muuzaji, jibu lilikuja haraka kuliko mzigo wenyewe ulivyokuja: "Dada, si risiti umeiona? Mali ikiuzwa hairudishwi."

Wiki hiyohiyo binti yake alikuwa na ugomvi wake na duka jingine la mtandaoni. Aliagiza viatu, vikaja namba ileile aliyoitaja na rangi ileile ya kwenye picha, lakini alipovivaa mbele ya kioo havikumpendeza. Akataka kuvirudisha. Naye akajibiwa vivyo hivyo: hairudishwi.

Mama wa watu akanijia na hasira za wote wawili, akiwaita wauzaji hao wezi kwa pamoja. Nikamwambia jambo ambalo halikumfurahisha. Muuzaji wa blenda amekosea, na sheria iko upande wako. Muuzaji wa viatu hana kosa, na binti yako hana pa kumshikia. Maneno waliyoandika ni yaleyale, ila kesi ni mbili tofauti kabisa.

Karibu kila mkanganyiko ninaousikia kuhusu kurudisha vitu vilivyonunuliwa mtandaoni unaanzia hapo. Kiswahili chenyewe kinatusaidia, kwa kuwa kina vitenzi viwili. Kuna kughairi, na kuna kukataa. Unaghairi pale mali haina kosa lolote, ila moyo wako umebadilika: rangi imekuchosha, umepata ya bei nafuu, mume amesema haina kazi nyumbani. Unakataa pale ulicholetewa sicho ulichonunua, au ndicho lakini ni kibovu. Sheria ya Kenya inakulinda sana ukikataa. Ukighairi, inakulinda kidogo mno.

Zile siku 14 zilitoka wapi?

Utasikia mtu akisema kwa uhakika kwamba kitu cha mtandaoni kina siku 14 za kurudishwa, bila sababu. Hakusema uongo, ila amesoma sheria ya watu wengine. Haki hiyo ni ya Umoja wa Ulaya, chini ya agizo la mwaka 2011, na Uingereza iliiingiza katika kanuni zake za 2013 na inaendelea nayo hata baada ya kujitoa kwenye Umoja. Aliye London au Hamburg akiagiza koti kwa simu ana siku 14 tangu alipokee kutangaza kwamba amebadili nia, kisha siku 14 nyingine za kulirudisha, na muuzaji lazima amrudishie pesa pamoja na gharama ya kawaida ya kumletea. Asipoambiwa mapema kwamba ana haki hiyo, muda wake unaongezwa hadi miezi 12. Msingi wa haki hiyo ni kwamba mnunuzi wa mtandaoni hakushika kitu wala kukipima, kwa hiyo apewe nafasi ya kukitazama nyumbani kama ambavyo angekitazama dukani.

Wenye ndugu Ulaya wanalijua hilo kwa vitendo, maana huko watu huagiza nguo saizi tatu, wakabaki na moja na kurudisha mbili. Ndiyo maana shangazi aliye Leicester anaposhauri kwa simu, "rudisha tu, ni haki yako," ushauri wake ni sahihi kwake na si sahihi kwako uliye Likoni.

Kenya haina haki ya jumla kama hiyo kwa manunuzi ya mtandaoni. Kuna njia mbili tu za kughairi. Ya kwanza ni ahadi ya duka lenyewe. Majukwaa makubwa huweka sera zao za kurudisha, yenye siku kadhaa za kufanya hivyo, na sera hiyo ikishatangazwa inakuwa sehemu ya makubaliano yenu. Muuzaji hawezi kuikana baada ya kupokea pesa. Lakini ni ahadi yake, kwa hiyo masharti ni yake pia: lebo isitolewe, boksi lisichanwe, nguo za ndani hapana. Isome kabla ya kulipa, kwani ukishalipa hutaibadilisha.

Njia ya pili ni ya kisheria na wachache wanaijua. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina vifungu vinavyohusu mikataba ya intaneti. Vinamtaka muuzaji akueleze mambo ya msingi kabla hujakubali, akupe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa na ya kurekebisha makosa uliyoandika, kisha akupe nakala ya makubaliano. Asipotoa maelezo hayo au nafasi hiyo, unaweza kuuvunja mkataba hadi siku 7 baada ya kupata nakala. Asipokupa nakala kama inavyotakiwa, una siku 30 tangu mlipokubaliana. Angalia vizuri: hapo hughairi kwa sababu umebadili nia, bali kwa sababu muuzaji hakutimiza wajibu wake. Tukifikiria jinsi biashara ya WhatsApp inavyoendeshwa, "tuma pesa nikupe boda", si vigumu kuona wangapi wangenaswa na kifungu hicho.

Binti wa jirani yangu hakuwa na lolote kati ya hayo. Duka lake liliandika kila kitu, likatuma uthibitisho wa oda, na halikuahidi kurudishiwa. Akaviuza viatu kwa rafiki yake.

Picha ni maneno

Sasa turudi kwenye blenda, maana huku ndiko mnunuzi ana nguvu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ni kongwe. Mama yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na ukiisoma utaona bado inanuka farasi na magunia. Lakini inasema mambo matatu ambayo yanafaa WhatsApp kama yalivyofaa soko la zamani. Kwanza, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Pili, kikinunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya vitu vya aina hiyo, lazima kiwe na ubora wa kuuzika, yaani kifanye kazi ambayo kitu cha namna hiyo kinatarajiwa kufanya. Tatu, ukimweleza muuzaji shughuli maalumu unayotakia kitu hicho, ukategemea ujuzi wake, lazima kifae kwa shughuli hiyo.

Mambo hayo hayahitaji kuandikwa popote. Sheria inayaingiza yenyewe katika kila mauzo, hata kama mlielewana kwa ujumbe wa sauti.

Lile la kwanza, maelezo, ndilo silaha kubwa ya mnunuzi wa mtandaoni, kwa sababu mtandaoni hakuna kingine unachonunua ila maelezo. Hukushika kitu, uliona picha na kusoma maneno. Simu iliyoandikwa GB 128 ikifunguliwa ikaonyesha 64, hiyo si simu uliyonunua. Dera lililotangazwa kuwa la pamba likija la nailoni, halikulingana. "Original" ikiwa feki, hapo umevuka hata mpaka wa maelezo ukaingia kwenye udanganyifu, kwa kuwa ile sheria ya 2012 inahesabu uwakilishi wa uongo, kama kusema kitu ni kipya kumbe kimetumika, kuwa desturi isiyo ya haki inayokuruhusu kujitoa kwenye mkataba.

Kuna mtego mmoja katika lile la tatu. Ukiagiza kitu kwa kutaja chapa yake, "nataka pampu ya kampuni fulani, modeli fulani", huwezi baadaye kulalamika kwamba haikufaa kwa kisima chako kirefu, maana hukutegemea ujuzi wa muuzaji, ulijichagulia mwenyewe. Bado ina wajibu wa kufanya kazi kama pampu, lakini si lazima ifae kisima chako. Kwa hiyo andika shida yako badala ya jina la bidhaa: "kisima changu ni futi 60, unanishauri ipi?" Ujumbe huo mmoja unahamisha mzigo kutoka begani kwako.

Mtego wa pili ni wa mitumba na vitu vya mtu binafsi. Jirani akiuza friji yake ya nyumbani kwenye mtandao wa matangazo kwa sababu anahama, yeye si mfanyabiashara wa friji. Sharti la ubora halimhusu. La maelezo ndilo linabaki: akiandika "inagandisha vizuri" na haigandishi, unaye. Akiandika "inauzwa ilivyo", umenunua ilivyo.

Ule mstari wa kwenye risiti ulikuwa na meno

Watu wengi hudhani "mali ikiuzwa hairudishwi" ni porojo tu ya wenye maduka. Si kweli, na ni haki tuwatendee uadilifu. Ile sheria kongwe iliruhusu muuzaji na mnunuzi kukubaliana kuyaondoa masharti yale matatu. Kwa miaka mingi, mfanyabiashara aliyeandika maneno hayo mahali pa kuonekana kabla ya mauzo aliweza kusimama nayo kortini.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadilisha upepo. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kisha sheria ya 2012 ikaja kuyang'oa yale meno: sharti lolote katika mkataba wa mtumiaji linalodai kufuta au kupunguza dhamana zilizomo katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ni batili. Halihitaji hakimu alifute, maana limezaliwa likiwa limekufa. Na wewe huwezi kuzisamehe haki hizo hata kama ulibonyeza kisanduku cha "nimekubali".

Kwa hiyo mstari ule bado ni halali kwa anayeghairi, na hauna maana yoyote kwa anayekataa mali mbovu.

Tena kwa mtandaoni kuna kichekesho kingine. Risiti huja na mzigo, mkataba umekwisha kufungwa siku mbili nyuma ulipotuma pesa. Sharti linalokufikia baada ya makubaliano si sehemu ya makubaliano. Muuzaji wa jirani yangu hakuwa ameandika neno lolote kuhusu kurudisha mahali pengine popote isipokuwa kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi.

Saa inahesabu tangu mzigo ufike

Haki ya kukataa haidumu milele, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujiponza wenyewe kwa kuona haya. Sheria inasema ukishakubali mali, huwezi tena kuikataa. Kinachobaki ni kudai fidia ya upungufu. Kukubali si lazima useme. Unahesabiwa umekubali ukikitumia kitu kama mwenyewe kwa namna isiyopatana na kumrudishia muuzaji, au ukikaa nacho kwa muda usio mfupi bila kusema lolote.

Huo muda ni mrefu kiasi gani? Sheria haitaji siku. Inategemea kitu chenyewe: samaki ni saa, blenda ni siku chache, mashine ngumu huenda wiki. Waingereza walichoka na ubishi huo, wakaandika siku 30 katika sheria yao ya 2015. Sisi bado tunabishana, na kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kusema siku ileile unapoona kasoro. Si baada ya Idi, si mshahara ukiingia.

Kufungua boksi si kukubali. Kuwasha kuona kama inafanya kazi si kukubali. Sheria inampa mnunuzi ambaye hakukagua kabla nafasi ya kukagua baada ya kupokea. Kwa hiyo mtu wa boda akikuharakisha utie sahihi kwamba umepokea "katika hali nzuri", andika kando "haijakaguliwa" kisha tia sahihi. Anachotaka yeye ni kuondoka, hatabishana nawe.

Ukikataa, unasema tu. Hakuna fomu wala lugha ya mawakili. Jirani yangu aliandika hivi, na nilimsaidia nukta tu: "Blenda uliyoniletea Jumatatu imeungua mota leo Alhamisi, siku ya tatu ya kuitumia kama kawaida. Siikubali. Naomba unirudishie 4,500. Iko hapa kwangu, njoo au tuma mtu aichukue."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomshangaza muuzaji. Aliandika, "Wewe ndiye unatakiwa utume kwa gharama yako." Hapana. Yule anayekataa mali kwa haki halazimiki kuirudisha, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Baada ya hapo ni mali ya muuzaji iliyo nyumbani kwako, na wajibu wako ni kuitunza tu, usiwaachie watoto. Kwa mtu wa Mombasa aliyenunua Nairobi, au wa Lodwar aliyenunua popote, tofauti hiyo ni kubwa, kwani nauli ya mzigo inaweza kula nusu ya bei.

Muuzaji akapiga kona nyingine mbili, na nitazitaja kwa kuwa ni za kila siku. Kwanza akasema jirani yangu apeleke blenda kwa wakala wa kampuni, maana ina waranti ya mwaka. Waranti ni zawadi ya kiwanda juu ya haki yako, haichukui nafasi yake. Uliyempa pesa ni muuzaji, na mkataba wako ni naye. Unaweza kuchagua kwenda kwa wakala kama ni rahisi kwako, lakini hawezi kukusukumia huko kama ndiyo njia pekee. Kisha akajitolea kumpa "kredi" ya kununua kitu kingine dukani kwake. Hiyo nayo ni hiari ya mnunuzi. Mkataba ukivunjika kwa kosa la muuzaji, kinachorudi ni pesa. Akikushawishi atengeneze badala ya kurudisha pesa, na wewe umeona ni sawa, mwandikie kabla ya kumpa kwamba ikishindikana haki yako ya kudai pesa iko palepale.

Nani hasa ni muuzaji?

Kwenye majukwaa makubwa, jina kubwa juu ya ukurasa mara nyingi si muuzaji. Chini yake kuna maandishi madogo yanayotaja duka lingine, na masharti ya jukwaa yatasema lenyewe ni mpatanishi tu. Kwa hiyo deni la kisheria liko kwa lile duka dogo, huku sera ya kurudisha iko kwa jukwaa. Tumia sera kwanza. Mara nyingi ni ya haraka na inakupa zaidi ya sheria. Muda wake ukikwisha, haki yako dhidi ya muuzaji wa kweli haikufa pamoja nao.

Ugumu halisi uko kwa wale wa Instagram wasio na mahali. Utamshtaki nani, "Classy Shoes" yenye picha ya ua? Uliponakili Till, simu ilikuonyesha jina lililosajiliwa. Watu hulitazama jina hilo na kulisahau. Lipige picha. Piga pia picha ya tangazo, maana litafutwa siku utakapolalamika, na mazungumzo yote tangu "hujambo".

Na usitegemee sana kurudisha muamala wa M-Pesa. Kutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 kuliwekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa mtu asiye sahihi. Pesa yako ilikwenda kwa mtu sahihi, aliyekuletea kitu kisicho sahihi, na Safaricom haiwezi kuwa hakimu wa blenda. Aliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard ana bahati zaidi, kwani benki yake inaweza kupinga malipo kwa niaba yake, hasa mzigo usipofika kabisa au ukija tofauti na tangazo. Hiyo mara nyingi ndiyo njia yenye nguvu kwa aliyenunua kwa muuzaji wa ng'ambo, kwa kuwa sheria ya Kenya haina mkono mrefu wa kufika Guangzhou. Aliyechagua kulipa akipokea mzigo hahitaji yote haya: anafungua mbele ya boda, haridhiki, anamrudishia.

Msomaji wa Tanzania atauliza yake. Sheria yao ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imetoka kwa mama yuleyule wa 1893, hivyo mantiki ya maelezo, ubora na kukubali ni ileile. Juu yake kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima kuhusu masharti yanayoingizwa katika mikataba ya watumiaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo ya kupelekewa lalamiko.

Kwa Kenya, lalamiko la uwongo katika tangazo au mwenendo usio wa haki hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani, CAK. Inafaa hasa pale duka moja linapowafanyia hivyo wengi. Ukitaka pesa yako wewe binafsi, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya 2016 na kufungua milango Milimani mwaka 2021, na sasa iko katika miji mingi. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Unachohitaji ni lile jina la kwenye Till, picha ya tangazo, ujumbe wa M-Pesa, ujumbe wako wa kukataa wenye tarehe, na blenda yenyewe, hata kama bado inanuka.

Jirani yangu hakufika huko. Alimtumia muuzaji picha ya mlango wa mahakama ya Mombasa bila kuandika neno. Saa mbili baadaye simu ikalia: 4,500 zimeingia. Blenda iko juu ya kabati hadi leo, maana hakuna aliyekuja kuichukua.